Homa Iliyopewa Jina la Baba Mkwe

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usisikitike. Hukukosa jambo la heri. Nilieleza jinsi nilivyorudi kutoka Makerere na cheti changu, nikapata kazi katika maabara ndogo ya homa kule Temeke chini ya Dakta Hallowell, nikaanza kuota kwamba jina langu, Theonest, litasomwa London.

Lilisomwa kweli. Katika makala ya kwanza Dakta alinishukuru mwishoni kabisa, baada ya dereva. Katika ya pili alinishukuru baada ya tumbili aliyetoa damu. Katika ya tatu hakunishukuru hata kidogo, kwa sababu tumbili yule yule alikuwa ameniuma, nami nilikuwa nimelala kwangu nikiuguza kidole.

Nilieleza pia habari njema moja. Mzee Albano wa njia ya Pugu alikuwa ameikubali posa yangu kwa binti yake Eufrazia, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya Pasaka.

Sasa sikilizeni jinsi habari hiyo njema ilivyotaka kuniua.

Mbu wamejaa Dar es Salaam nzima. Wapo Kinondoni, wapo Ukonga, wapo hata kwa Gavana. Lakini kila nilipoambiwa nichague mahali pa kukamata mbu, mimi nilichagua uwanja wa Mzee Albano. Dakta aliniuliza sababu, nikamwambia kuna unyevu wa kutosha. Unyevu ulikuwepo. Na Eufrazia alikuwepo.

Mzee Albano ni Mngoni, fundi wa vitanda. Ndiye aliyefyeka pori na kujenga wa kwanza pale, kwa hiyo nyumba zote zilizofuata, kisima, hata kituo cha basi, vyote watu wanaviita Kwa Albano. Kwenye ramani ya serikali pale hapana jina lolote. Pana picha ya mti tu.

Siku moja jioni nilikuwa nimekaa naye barazani, mkwe mtarajiwa, heshima mbele, mikono magotini. Mara nikamwona mbu ametua kwenye muundi wake.

"Baba, usitikisike," nikamwambia.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Mbu."

"Sasa si umuue!"

"Siwezi, Baba. Namtaka mzima."

Nikapiga magoti, nikamfunika yule mbu kwa kichupa changu. Mzee akamgeukia mkewe. "Mama Eufrazia, hivi huyu bwana amekuja kuoa au amekuja kuchunga mbu?"

Nyuma ya pazia Eufrazia akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nikacheka pia. Laiti ningejua nimebeba nini katika kichupa kile, ningekitupa kisimani.

Maana yule mbu hakuwa mbu wa kawaida. Tulimsaga, tukavidunga vitoto vya panya, navyo vikafa. Tukarudia, vikafa tena. Dakta akapima kwa kila njia aliyoijua, kisha akatoka chumbani mwake akirukaruka kama aliyekanyaga siafu. Tulikuwa tumepata virusi vipya, vile vijidudu vidogo ambavyo hata hadubini yetu haivioni. Hakuna mtaalamu duniani aliyekuwa amekwisha kuvigundua, ingawa homa yake ya viungo ilikuwa imewalaza watu njia ya Pugu.

"Mbu hii toka wapi?" akaniuliza. Kiswahili chake alijifunzia jikoni kwake, kwa mpishi.

"Kwa Albano, bwana."

"Albano! Nzuri sana. Basi hii ni Virusi ya Albano."

Hapo lazima niwaeleze desturi ya watu hawa. Virusi vipya hupewa jina la mahali vilipopatikana mara ya kwanza, iwe mto, msitu au kijiji. Jina la mtu halitumiki. Ni mwiko, kama kwetu Bukoba kumpita mkweo bila salamu.

"Lakini Albano si mahali, bwana," nikamwambia. "Albano ni mtu."

"Mtu hii nakaa wapi?"

"Anakaa Kwa Albano."

Dakta akanitazama kwa huruma. "Basi iko mahali."

Nilitaka kubisha. Naapa kwa jina la somo yangu nilifungua mdomo nibishe. Ila kabla sauti haijatoka, Dakta akaongeza neno: "Na jina yako safari hii iko juu. Pamoja na yangu. Chini yangu kidogo tu."

Nikafumba mdomo. Miaka mitatu nilikuwa nashukuriwa nyuma ya tumbili, leo naambiwa nitakaa juu! Na tena, nikajiuliza, ni nani huko njia ya Pugu atakayesoma jarida la wataalamu wa London? Wananunua vitumbua wale, hawanunui majarida.

Makala ikatoka. Nililala na jarida chini ya mto. Nililipeleka kanisani ndani ya kitabu cha nyimbo. Kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Temeke.

Kisha serikali nayo ikaisoma.

Jumamosi moja asubuhi gari la afya likaingia njia ya Pugu. Juu yake amesimama Bwana Afya, kofia kichwani, tarumbeta la bati mdomoni.

"Tangazo! Tangazo! Jihadharini na homa ya Albano! Mwageni maji yaliyotuama! Fukieni mashimo! Homa ya Albano inavunja viungo! Homa ya Albano imeanzia Kwa Albano!"

Alipita mara ya kwanza. Akageuza gari mbele ya karakana ya Mzee, akapita tena.

Watu hawakufukia mashimo. Walianguka kwa kicheko. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Sadallah, mwenye hoteli ya chai umbali wa kutupa jiwe, pale panapoitwa Kwa Sadallah. Sadallah ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mngoni ni watani. Mtani wako akikutukana mbele ya wakweo unameza mate na kutabasamu, kwa sababu ukikasirika unatozwa faini.

Mteja akija kuuliza kitanda, Sadallah anapaza sauti toka hotelini kwake: "Bwana wee, utalalia kitanda cha Homa? Utaamka kweli?"

Mzee Albano akipita: "Nyie, vaeni makoti, Homa hiyo inapita!"

Akikohoa: "Mmesikia? Homa nayo inaumwa!"

Watoto wakatunga wimbo. Wateja wakapungua. Kitanda kizuri cha mninga, chenye maua ya kuchonga kichwani, kikakaa barazani mpaka kuku akatagia.

Mzee hakuweza kumkasirikia mtani wake. Hasira ile yote ikatafuta mahali pa kutua, ikaniona mimi.

Nikaitwa. Nilimkuta amekaa katikati ya mbao, patasi mkononi.

"Shikamoo, Baba."

Marahaba haikutoka. "Ule mbu ulimkamata wapi?"

"Kwenye... kwenye mguu wako, Baba."

"Nilikupa chai hapa?"

"Ulinipa."

"Nilikupa mihogo?"

"Ulinipa, na nazi."

"Nikakupa na mguu wangu, nikakaa kimya, nawe ukamtoa mbu wako. Halafu ukaenda kuwaambia Wazungu kwamba mie ni ugonjwa!"

"Baba, ni jina la mahali tu. Ndiyo desturi yao."

"Basi na mie nakupa desturi yangu. Jina langu litoke kwenye hiyo homa. Pasaka ikifika halijatoka, usije. Eufrazia hawezi kuolewa na mtu aliyemgeuza baba yake ugonjwa kwa maandishi."

Nilipotoka, Eufrazia alikuwa ananingoja penye ua. Hakuwa amelia. Yeye si mtu wa kulia. Alikuwa ameshika kiuno.

"Theo, hebu niambie ukweli. Hapa ulikuwaga unakuja kunitazama mie au mbu?"

"Wewe! Mbu walikuwa kisingizio."

"Kisingizio ndicho kimekupa jina London, mie kimenipa nini? Rafiki zangu wananiita Binti Homa."

"Nitafanya nini sasa, Eufrazia?"

"Chagua. Mie au hiyo makala yako. Na usije kunipa jibu la kisomi."

Nilimpa jibu hapo hapo. Nilisema wewe. Nilisema kwa moyo wote, na mpaka leo naona nilisema sawa. Lakini njia yote mpaka Temeke nilikwenda nikihesabu: mtu mwenye makala moja tu akiitoa hiyo, anabakiwa na nini? Anabakiwa na kidole alichoumwa na tumbili.

Dakta alinisikiliza huku akivuta kiko.

"Jina napata toka kwa njia moja tu," akasema. "Kama mtu alipata virusi hii hii zamani, mahali ingine. Basi mahali ya kwanza nashinda."

Nikasimama pale kama niliyemwagiwa maji. Kwa sababu nilikumbuka.

Mwaka uliotangulia, kabla sijamjua Eufrazia, nilikuwa nimekamata mbu kwenye pipa la maji nyuma ya hoteli moja ya chai huku nikingoja basi la Pugu. Vitoto vya panya vilikufa, lakini Dakta wakati ule alikuwa anashughulika na tumbili wake, akaniambia niweke masalia barafuni. Nikaweka. Nikaandika kwenye kichupa jina la mahali, nikasahau.

Nikaenda kufungua sanduku la barafu. Kichupa kilikuwepo. Nikafuta ukungu kwa kidole, nikasoma: Kwa Sadallah.

Ndugu msomaji, nilicheka peke yangu mle chumbani mpaka mfagizi akachungulia. Hapa palikuwa na dawa ya magonjwa mawili. Jina la baba mkwe litatoka, na litakalokaa mahali pake ni la mtani wake, yule aliyemwita Homa mbele ya njia nzima!

Kwaresma yote nilijifungia maabara. Kipimo chenyewe si kigumu kueleza. Damu ya mtu aliyepona homa ina kinga. Ukiichanganya na virusi vya homa ile ile, ukamdunga panya, panya anapona. Ukiichanganya na virusi vya homa nyingine, panya anakufa. Nilichukua damu ya waliopona homa ya Albano, nikaichanganya na virusi vya Kwa Sadallah, nikawadunga panya wangu.

Asubuhi nilikuta wote wazima, wanagombania punje za mtama. Virusi ni vile vile. Tulivipata kwa Sadallah kwanza.

Nilidhani Dakta atafoka. Nani anapenda kuuambia ulimwengu kwamba kitu alichokiita kipya kilikuwa kwenye sanduku lake mwenyewe? Kumbe simjui Dakta. Uso ulimng'aa.

"Theonest, hii nzuri sana! Makala ya kwanza sisi nakosea. Makala ya pili sisi nasahihisha. Hiyo iko makala mbili!"

"Na jina langu, bwana?"

Akafikiri. "Jina yako safari hii iko ya kwanza kabisa. Juu yangu."

Nilimshukuru nusura nimbusu mkono. Nilikwisha kufika mlangoni ndipo nikaelewa kwamba katika makala ya kukiri kosa, wa kwanza juu ndiye aliyekosea. Sikujali. Nilikuwa napoteza makala, nampata mke. Alhamisi Kuu makala ikapanda ndege kwenda London, na Dakta akaahidi kwamba siku moja atakuja mwenyewe kuwapa watu wa njia ya Pugu hongera.

Jumatatu ya Pasaka nikavaa suti yangu ya Makerere, nikapanda basi. Kwaresma nzima sikuwa nimekanyaga kule, maana nilikuwa maabara. Nilishuka Kwa Albano nikiwa na hotuba kichwani. Nikakuta watu wamejaa uwanjani. Moshi wa pilau umetanda. Na juu ya karakana kumetundikwa ubao mpya, rangi haijakauka: ALBANO, FUNDI VITANDA, JINA LINAJULIKANA MPAKA ULAYA.

Nikausoma mara ya pili.

"Huyo! Huyo kaja!" Mzee Albano akanirukia na kunikumbatia mbele ya watu, mtu ambaye hakuwahi kunipa hata mkono wa kulia vizuri. "Mwanangu! Daktari wangu! Mpisheni akae!"

"Shikamoo, Baba. Baba, nina habari..."

"Marahaba, marahaba! Habari baadaye. Kula kwanza. Mwalimu, mweleze huyu!"

Mwalimu Ansbert, anayefundisha watoto kwenye kibanda cha kanisa, akasimama. Mkononi alikuwa ameshika jarida. Jarida letu. Alikuwa ameliazima kwa karani wa mjini, akalisoma Kwaresma yote kama toba.

"Ndugu zangu," akasema, "jarida hili linasomwa Ulaya, Amerika na Bara Hindi. Ndani yake Gavana hatajwi. Mfalme hatajwi. Albano anatajwa kila ukurasa!"

Vigelegele.

"Tena walikuja Wazungu wageni," Mama Eufrazia akadakia. "Wameuliza, 'Hapa ndipo Albano?' Wamempiga picha mzee barazani. Na kile kitanda cha mninga wamekinunua na mayai juu yake!"

Mzee akainua mkono, watu wakanyamaza. Macho yalikuwa yamemlowa. Sikuwahi kumwona vile.

"Baba yangu alikufa kwenye mashamba ya mkonge," akasema. "Jina lake hakuliandika mtu. Babu yangu hivyo hivyo. Mie nilidhani na langu litaoza na mbao zangu. Sasa Mwalimu ananiambia hata nikifa, hata vitukuu vyangu vikifa, madaktari watakuwa wanalisoma. Si wema wangu uliotajwa, sawa, ni homa. Lakini nani kati yenu atatajwa hata kwa upele?"

Nilimhurumia, na nilijihurumia mimi zaidi.

"Theonest, nilikukosea. Kwa hiyo sikiliza, na wote msikilize. Mahari iliyobaki, ile ya mbuzi na blanketi na jembe la bibi yake, nimeifuta. Mahari yako ni hilo jina. Nimelipokea mbele ya mashahidi."

Vigelegele tena. Mimi nikajaribu kupiga makofi, mikono haikukutana.

"Na mnajua desturi," akaendelea, sasa akitabasamu. "Mahari ikirudi, binti naye anarudi kwao. Lakini hili nani atalirudisha? Limeshapigwa chapa!"

Nilimtafuta Eufrazia kwa macho. Akaja kuninawisha mikono, jagi mkononi, kanga mpya kichwani, amependeza mpaka nikaumia. Akainama.

"Theo, mbona umekuwa rangi ya majivu?"

"Nimelitoa," nikamnong'oneza.

"Umetoa nini?"

"Jina la baba. Nimelitoa kwenye homa. Si mlisema litoke?"

Maji yakanimwagikia suti. "Wee! Karudishe!"

"Limeshapanda ndege."

"Na mahali pake umeweka nini?"

Nilitazama ng'ambo ya uwanja. Pale mkekani, karibu na sufuria, amekaa Mzee Sadallah, kimya kabisa, mnyonge, kofia imemshuka usoni. Mbuzi wa sherehe alichinja yeye, ili Waislamu na Wakristo wote wale pamoja, na njia nzima inasema tangu Wazungu wapige picha ile hajapata neno moja la utani. Mzee Albano alikuwa anampita na kumpita. "Vipi, mtani? Chai yako inajulikana wapi? Mpaka Ukonga?"

Eufrazia akayafuata macho yangu. Akaelewa. Akafunga mdomo kwa upindo wa kanga, na mpaka leo sijui alikuwa anazuia kilio au kicheko.

"Usiseme kitu," akanong'ona. "Tuoane kwanza. Padri yupo Jumamosi. Hiyo barua ya London itachukua miezi."

"Kweli. Sitasema."

"Hakuna mwingine anayejua?"

Nikafungua mdomo nimwambie hakuna. Wakati huo huo honi ikalia barabarani. Watoto wakakimbia. Gari la maabara likaingia uwanjani taratibu, likasimama chini ya ule ubao mpya, na Dakta Hallowell akashuka, amevaa tai, amechukua maua.

Mzee Albano akanyoosha koti lake, akatangulia kumpokea, kifua mbele, mkono tayari.

Dakta akampita. Akasimama katikati ya watu, akavua kofia, akatazama huku na huku kwa furaha kubwa.

"Jamani," akauliza, "hapa Sadallah iko nani?"

Mkekani, yule mzee akainua kichwa polepole, mfupa bado mkononi.

"Mie."

Dakta akamwendea, akampa maua. "Hongera sana, mzee," akasema, na siku zote nilizofanya naye kazi, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya Kiswahili aliyoitamka bila kosa hata moja.